Mabati ishirini au ishirini na moja?

Mtu wa mtaa wa Kwa Rhonda hapa Nakuru akikuambia ameona bei kwenye tovuti, usidhani unajua alikuwa ameshika nini mkononi. Huenda ni simu ya Itel iliyopasuka kioo kona hadi kona. Huenda alikuwa saibani kwangu, mbele ya kompyuta ya mezani iliyoingia nchini ikiwa mtumba, Windows 7 ingali ndani na herufi A imefutika kwenye kibodi. Huenda aliazima simu ya dada yake, yenye kivinjari cha Opera Mini, kwa kuwa bando la shilingi 20 haliwezi kuvumilia uchu wa Chrome hadi jioni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton nao hupita na leptopu zao, na mara moja moja huingia mtu na MacBook, wenzake wakaacha kazi wamtazame.

Saiba ikipoa, mimi hutengeneza tovuti za watu wa hapa: makanisa, shule za chekechea, vyama, maduka. Karibu kila mteja huja na ombi lilelile. Hataki ukurasa wa kusoma tu kama tangazo la mazishi kwenye gazeti. Anataka ukurasa unaojibu. Ubonyeze, kitu kifunguke. Uandike tarakimu, upewe hesabu. Ombi hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na mafundi wenzangu wanaojaribu kazi yao kwenye leptopu moja, ile waliyoitengenezea, wakaona inakwenda, wakachukua hela.

Kuna mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kaptembwo. Wateja wake wakubwa ni wenye ploti, wanaojenga safu za vyumba vya kupangisha, futi 10 kwa 10, mlango kwa mlango. Mchana kutwa anapigiwa simu na swali moja: paa langu ni futi kadhaa, nitahitaji mabati mangapi? Akaona heri tovuti imfanyie hesabu hiyo. Kijana mmoja wa mjini akamtengenezea, na ilipendeza, sikatai. Picha za mabati ya rangi zilipishana zenyewe, namba ilibadilika papo hapo ulipokuwa ukiandika.

Kisha malalamiko yakaanza. Wa Opera Mini waliona ukurasa mweupe wenye jina la duka juu na chini yake hakuna kitu. Wa kompyuta kuukuu walibonyeza kitufe hadi wakachoka. Na mwenye ploti mmoja aliyeandika "50ft" alijibiwa kwamba anahitaji mabati NaN. Mzee akaniletea simu mwenyewe.

"Binti yangu," akasema, "huyu NaN ni nani?"

Nikamwambia, Mzee, huyo ni JavaScript anayekiri kwamba alichopewa si namba. Ndivyo lugha hiyo inavyoandika matokeo ya hesabu isiyowezekana, na fundi mwangalifu hukikamata kifupisho hicho kabla hakijamfikia mteja.

Ili kuelewa kilichotokea, inafaa kujua kwamba ukurasa wa tovuti umeshonwa kwa lugha tatu, na kila moja ina tabia yake inapokutana na kompyuta isiyoielewa. HTML ndiyo maneno yenyewe na mpangilio wake: hiki ni kichwa, hiki ni kisanduku cha kuandikia, hiki ni kitufe. CSS ni rangi, ukubwa na nafasi. JavaScript ni amri zinazotekelezwa ndani ya simu au kompyuta ya msomaji. HTML ni kama mgeni mpole asiyejua Kiswahili sawasawa: neno asilolijua analiruka, anaendelea na sentensi. CSS ni hivyohivyo, mstari usioeleweka unaachwa. JavaScript ni karani mkali wa ofisi. Akikuta alama moja asiyoifahamu, faili zima analitupa, hata kama mistari mingine yote haina kasoro. Kijana wa mjini alikuwa ametumia mtindo mpya wa kuandika JavaScript, ule ambao kivinjari cha zamani hakijawahi kuuona. Chrome iliacha kuihudumia Windows 7 mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho, na zipo mashine zilizoacha kusasishwa miaka mingi kabla ya hapo. Kwenye mashine kama hizo alama moja ngeni ilitosha kuua hesabu nzima, kitufe kikabaki pambo.

Opera Mini ina kisa chake, nacho ni kirefu kidogo. Ilisambazwa duniani Januari 2006, kwa simu ambazo hazikuwa na nguvu ya kufungua tovuti kamili. Ukiwa katika hali yake ya kubana data kabisa, simu yako haiifungui tovuti. Seva ya Opera inaifungua kwa niaba yako, inaendesha skripti kwa muda mfupi, inaubana ukurasa, kisha inakutumia kilichobaki. Baada ya hapo skripti zimelala. Ukibonyeza kitu, ombi linarudi kwenye seva. Kwa hiyo ile namba inayobadilika huku ukiandika haina mahali pa kuishi, kwa sababu hakuna anayesikiliza vidole vyako. Njia hiyohiyo ndiyo inayofanya bando lidumu. Simlaumu mama wa sokoni kwa kuichagua. Ningekuwa yeye ningeichagua pia.

Nilipoanza upya nilianza na fomu. Visanduku viwili vya vipimo, uchaguzi wa futi au mita, uchaguzi wa aina ya bati, na kitufe cha kuhesabu. Ukibonyeza, vipimo vinakwenda kwenye seva, seva inapiga hesabu, inarudisha ukurasa mpya wenye jibu. Hakuna JavaScript hata chembe. Fomu za namna hii zilikuwamo tayari kwenye kanuni za HTML 2.0 zilizotolewa Novemba 1995, na sijakutana na kivinjari kisichozielewa, kuanzia Opera Mini hadi MacBook ya yule mgeni.

Juu ya hiyo nikaweka CSS, na mwisho kabisa JavaScript kidogo. Ikifika salama na kivinjari kikiielewa, inalidaka ombi la kitufe kabla halijakwenda kwenye seva na kutoa jibu palepale, mtu akaokoa data na muda. Isipofika, hakuna atakayejua kwamba ilitarajiwa. Utaratibu huu haukubuniwa Nakuru. Steven Champeon na Nick Finck waliueleza kwa wasanifu wa tovuti mwaka 2003, wakati watu wengi walikuwa wakifanya kinyume chake, yaani kujenga nyumba ya kifahari kwanza kisha kuwatengenezea maskini mlango wa nyuma.

Watu hudhani wanaokosa JavaScript ni wale wachache walioizima kwa makusudi. Mwaka 2013 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza ilifanya kipimo kwenye tovuti yake. Ilikuta asilimia 1.1 ya wageni hawakupata skripti, na kati yao waliokuwa wameizima au wenye vivinjari visivyoiweza walikuwa asilimia 0.2 tu. Asilimia 0.9 iliyobaki walikuwa na vivinjari vizuri kabisa. Skripti haikuwafikia au haikufanya kazi siku hiyo. Mtandao ulikatika katikati, pengine, au gari-moshi liliingia kwenye handaki. Huko ni Uingereza. Mtaani kwetu hatuna handaki, lakini tuna stima inayopotea, na mnara wa simu unaozidiwa saa moja jioni kila mtu anapofika nyumbani na kufungua video.

Mgogoro wenyewe wa vivinjari kutolingana ni wa zamani kama lugha hizi. Mei 1995 Brendan Eich, akifanya kazi katika kampuni ya Netscape, aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku kumi. Mwaka uliofuata Microsoft wakatoa ya kwao ndani ya Internet Explorer, iliyofanana na ile bila kulingana nayo, na kanuni ya pamoja ikapatikana Juni 1997, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Miaka mingi fundi wa tovuti aliandika kila kitu mara mbili. Java nayo ilikuwa imetangazwa mwaka huohuo wa 1995 na Sun Microsystems kwa ahadi kwamba programu ikiandikwa mara moja itakwenda popote. Ndani ya vivinjari ahadi hiyo ilihitaji programu-jalizi, na programu-jalizi zikaja kufungiwa mlango. Flash, programu-jalizi nyingine, ilitawala michezo, video na fomu za kupendeza hadi iPhone ilipokataa kuibeba. Kampuni ya Adobe iliizima rasmi tarehe 31 Desemba 2020.

Waliojenga juu ya Flash pekee walijikuta pabaya. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini ilikuwa bado na fomu za kodi za namna hiyo, na Januari 2021 ikatoa kivinjari chake yenyewe, chenye Flash ndani, ili walipakodi waweze kuzijaza. Kilikuwa cha Windows tu. Taifa zima linapewa kivinjari kipya kwa sababu ya fomu chache! Nilicheka, kisha nikakumbuka ni wateja wangapi hapa saibani nimewahi kuwaambia wahamie mashine ile ya kona, kwa sababu ndiyo pekee inayokubali tovuti fulani.

Hapa Kenya tuna mfano bora zaidi, na kwa bahati mbaya ulizaliwa katika siku ambazo mtaa huu hautazisahau. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ilishika moto, na mwishoni mwa Januari 2008 ghasia zikafika Nakuru. Kaptembwo na Kwa Rhonda zilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia sana. Siku za mwanzo za mwezi huo Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika habari za siasa mtandaoni, alitoa wito watu wenye ujuzi watengeneze ramani ya matukio. Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich walikuwa kati ya walioitikia, na ndani ya siku chache ramani hiyo, Ushahidi, ikawa hewani.

Ramani yenyewe ilikuwa ya kubonyeza: unachagua doa, unasoma kilichotokea mahali hapo. Ilihitaji kivinjari chenye nguvu kiasi, kwa sababu ilitegemea ramani za Google, zilizokuwa hazijatimiza hata miaka mitatu. Ila hawakudai kwamba anayeleta habari awe na kivinjari hicho. Aliweza kujaza fomu, na pia aliweza kutuma ujumbe mfupi kutoka simu ya aina yoyote, ile ya kitochi ikiwemo. Mwenye simu ya kitochi hakuiona ramani. Habari yake iliingia kwenye ramani hata hivyo. Programu hiyo ilitolewa wazi kwa yeyote kuitumia, na mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa imeshafuata njia hiyohiyo kwa upande wa fedha: menyu iliyokaa kwenye laini ya simu, isiyojali simu ni ya bei gani. Wakenya tulijua kujenga vitu vinavyofunguka kwa kila mtu kabla hatujaanza kuiga tovuti za California.

Narudi kwa Mzee na mabati yake, maana huko ndiko kuliko na utamu. Fundi wa ujenzi hapa huhesabu nyumba kwa futi, lakini duka linauza bati kwa mita. Tuseme safu ya vyumba vitano, paa lenye urefu wa futi 50. Hiyo ni mita 15.24. Tuchukue bati la mawimbi ambalo, baada ya kulaliana na mwenzake, linabaki kufunika sentimita 76. Mabati 20 yanafunika mita 15.20, zikabaki sentimita 4. Kompyuta ikiambiwa ikadirie kwa namba iliyo karibu, itasema 20. Ikiambiwa ipande juu kila kinapobaki kipande, itasema 21. Fundi wa seva akichagua hili na fundi wa skripti akachagua lile, mteja mmoja atapata majibu mawili kwa simu mbili, na mabishano yatamalizikia kaunta kwa Mzee.

Kuna na jambo jingine la ajabu. Ukiiambia JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, inakupa 0.30000000000000004. Si ugonjwa wa simu moja. Kompyuta huhifadhi desimali kwa njia ambayo haiwezi kuzishika zote sawasawa. Punje hiyo ya mwisho, ukiwa umeamuru hesabu ipande juu, inaweza kumwongezea mtu bati zima asilolihitaji. Ndiyo maana nageuza vipimo vyote kuwa namba kamili, sehemu za kumi za milimita, kabla ya kugawanya. Futi moja inakuwa 3048, bati linakuwa 7600, na desimali hazipati nafasi ya kuleta fitina, iwe kwenye seva au kwenye simu.

Niliamua 21, nikajiona mwerevu. Mzee akamwita fundi wake wa paa. Fundi akatazama skrini akacheka. Sentimita 4, alisema, anazila kwenye ncha ya paa inayotokeza nje ya ukuta, na mwenye ploti anaokoa bei ya bati moja. Tangu hapo ukurasa unasema 21, na chini yake unasema kwamba bati la mwisho litafunika sentimita 4 tu, zungumza na fundi wako. Maelezo hayo ni maandishi ya kawaida. Hayategemei rangi wala mchoro, kwa hiyo yanasomeka juani, yanasomeka kwenye kioo kilichopasuka, na programu ya kumsomea asiyeona inaweza kuyatamka.

Yaliyosalia ni madogo, na mengi ni ya kuacha HTML ifanye kazi yake. Kitufe cha kijana wa mjini hakikuwa kitufe. Kilikuwa kisanduku kilichopakwa rangi kikafanana na kitufe. Kipanya kinaweza kukibonyeza, ila mtu anayetembea kwa vidole kwenye kibodi anakipita kama hakipo, na hapa saibani vipanya hufa mapema kuliko kompyuta. Orodha ya bei ilikuwa imefichwa hadi upitishe kipanya juu yake. Simu haina kipanya cha kupitisha. Niliiweka ndani ya kile kipengele cha HTML cha kufunua na kukunja, ambacho Chrome ilikipata 2011 na Firefox 2016. Kivinjari kisichokijua kinaonyesha orodha yote ikiwa wazi, na sijasikia mteja akilalamika kwamba ameona bei nyingi mno.

Visanduku vya vipimo nimeviandika kuwa vya namba. Kwenye simu ya kisasa vinaleta kibodi ya tarakimu. Kwenye kivinjari cha kale vinageuka kuwa visanduku vya kawaida, mtu akaandika "50ft" au "futi 50" apendavyo, na seva inachambua. Ikishindwa inamwambia kwa Kiswahili aandike tarakimu peke yake, kwa mfano 50.5. Siku ya kuletewa mzigo haichaguliwi kwenye kalenda inayoruka. Kivinjari cha Safari cha Mac kilipata kisanduku cha tarehe kinachofungua kalenda mwaka 2021, na sina haja ya kalenda wakati jibu ni leo, kesho au Jumamosi.

Kujaribu, najaribu kwa miguu. Kuna tovuti ya Can I Use inayoonyesha kivinjari gani kinaelewa nini, nami huifungua kabla sijaandika mstari mpya, lakini haiwezi kuniambia kidole cha fundi mwenye saruji mikononi kinalenga kitufe kwa upana gani. Kwa hiyo naomba simu za watu. Muuza samaki, dereva wa boda, mwanafunzi, mlinzi. Nawapa kazi moja, wapate idadi ya mabati ya futi 50, kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, maana mtu akikwama mkono unawasha kumwonyesha.

Wenye kabambe, ile simu ya kitochi isiyo na intaneti, wana namba ya duka iliyopigwa chata mlangoni. Wakipiga, msichana wa kaunta anaandika vipimo vyao kwenye ukurasa uleule na kuwasomea jibu, pamoja na ile habari ya sentimita zinazobaki.

Sasa Mzee anataka tovuti imwambie mteja na kilo za misumari. Nimewauliza mafundi watatu bati moja linakula misumari mingapi, na kila mmoja ana namba yake, na kila mmoja anawaona wale wengine wawili kuwa ndio wanaosababisha mabati ya watu kung'olewa na upepo. Fomu iko tayari. Kisanduku cha misumari bado ni kitupu.